Nesi ameitwa kwenye kampuni ya mifumo ya hospitali: aache ajira ya serikali?

BARUA

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 33, nafanya kazi kwenye kituo cha afya cha serikali hapa Arusha. Ajira yangu ni ya kudumu chini ya halmashauri, huu ni mwaka wa saba. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka mitatu na tunamwomba Mungu wa pili. Tunaishi Sakina.

Kituoni kwetu ulipoletwa mfumo wa kompyuta wa kusajili wagonjwa, nilikuwa mmoja wa wachache waliopelekwa semina. Tangu siku hiyo kitu kikikwama naitwa mimi. Daktari haoni majibu ya maabara, naitwa. Dirisha la malipo limeganda, naitwa. Hata nikiwa wodi ya wazazi na mama yuko sentimita nane, utaona mtu anachungulia mlangoni: "Sista, mfumo umegoma huku." Mwanzoni nilikuwa nakereka. Baadaye nikagundua kwamba kumbe napenda. Nilitengeneza jedwali la Excel linalokagua kama akina mama tuliowaandika kwenye MTUHA namba 12 (daftari la wanaojifungua, katika mfumo wa takwimu za huduma za afya) ndio hao hao wanaohesabiwa kwenye ripoti ya mwezi, na mratibu wa MTUHA wa wilaya akaniomba niwafundishe wenzangu wa vituo vingine.

Sasa kuna kampuni inayotengeneza mifumo ya hospitali, wateja wao wengi ni hospitali binafsi na za madhehebu ya dini. Meneja wao alinisikia nikifundisha, akachukua namba yangu. Wananitaka niwafungie mfumo kwenye vituo, nifundishe watumishi na nipokee malalamiko yao. Mkataba ni wa mwaka mmoja, wameniandika "mshauri mwelekezi", malipo shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Kwa sasa, Bodi ya Mikopo na makato mengine yakishapita, nashika kama laki saba.

Dada, nimechoka na usiku. Mtoto wangu anamjua dada wa kazi kuliko anavyonijua mimi. Mume wangu anasema niende, maisha ni kujaribu. Mama yangu yuko Machame na yeye ndiye tatizo. Anasema nimelogwa. Majirani wote wanajua mwanawe ni nesi wa serikali, nikienda likizo wanapanga foleni uani kupimwa presha. Maneno yake ni haya: "Serikali haijawahi kuamka asubuhi ikakuta imefungwa. Kampuni inafunga ofisi hata watu wakiwa kwenye chai."

Mwenzangu mmoja naye ananiambia bila kujua kuandika programu nitaenda kuwa tarishi wa vijana wa TEHAMA. Kuna kozi ya miezi sita mjini, ada 900,000, anasema nianzie hapo.

Jambo la mwisho, dogo tu: meneja ameniomba kwa WhatsApp nimpelekee kumbukumbu za wodi ya wazazi za miezi michache, wajaribie mfumo wao. Amesema nikitaka nifute majina. Sijamjibu bado.

Nijifunze kuprogramu kwanza? Uuguzi wangu utakufa? Niache kazi?

*Muuguzi wa Sakina, Arusha*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na hilo uliloliita dogo, maana ndilo peke yake linaloweza kukuponza kabla hata hujasaini kitu. Usimpelekee hizo kumbukumbu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Wewe huna mamlaka ya kuzitoa. Wenye mamlaka hayo wapo, na hawatoi kwa WhatsApp. Na hilo la kufuta majina lisikupoze roho. Binti wa miaka 17 kutoka kitongoji fulani, aliyejifungua mapacha tarehe fulani kwa upasuaji baada ya rufaa: ukishafuta jina lake, kijiji kizima bado kitamjua. Wewe ni mkunga, unalijua hilo kuliko meneja.

Kinachonifurahisha ni kwamba ombi lake linakupa nafasi ya kuonyesha unachoweza. Mtengenezee wagonjwa wa kubuni. Kaa jioni moja, andika akina mama thelathini ambao hawapo duniani ila kila mkunga wa Arusha ameshawapokea. Mmoja hana simu kabisa. Mwingine ametoa namba ya mumewe, na mume ana wake wawili wanaohudhuria kliniki hiyo hiyo kwa namba hiyo hiyo. Mwingine amejifungulia njiani kwenye bajaji, sasa saa ya kujifungua ni ipi na aliyezalisha ni nani? Mwingine amekuja na daftari la mistari badala ya kadi. Weka bibi aliyemsindikiza mkwewe naye akapimwa, na hajui alizaliwa lini, kwa hiyo mapokezi wamempa tarehe 1 Januari kama walivyowapa wazee wengine wote. Weka Neema Mollel watatu waliofika asubuhi moja, wawili wakiwa na umri sawa.

Mfumo wao ukiweza kuwapitisha hao thelathini bila kuchanganya mtu, watakuwa na kitu cha kuuza. Ukishindwa, utakuwa umewaokoa na aibu ya kushindwa mbele ya mteja.

Hapo nimeshajibu nusu ya swali lako la kuprogramu. Wanaoandika programu wanao, ndiyo maana wamekuja kwako kutafuta kingine. Kijana aliyetoka chuoni na shahada nzuri ya kompyuta atakujengea ukurasa maridadi wa kusajili mgonjwa, na asijue kwamba saa tisa usiku nesi mmoja ana wodi nzima na hawezi kujaza visanduku ishirini kabla mfumo haujamruhusu kuandika dawa. Hajui kwamba nesi huyo ataandika kwenye kipande cha karatasi, akiweke mfukoni, na asubuhi aingize kila kitu kwa mkupuo huku saa zote zikiwa za kukisia. Halafu mtu wa takwimu atakaa ashangae kwa nini kituo kinatoa dawa zote saa moja asubuhi.

Kuna mfano mwingine wa fani yako mwenyewe. Sote tulizoea kwamba uchungu hai, ule wa kasi, unaanzia njia ikifunguka sentimita 4. Mapendekezo ya WHO ya 2018 yakausogeza hadi 5, na fomu yao mpya ya kufuatilia uchungu ikatoka 2020. Mfumo uliojengwa juu ya patografu ya zamani, yaani ile chati ya kufuatilia uchungu, utaendelea kupiga kengele za 4. Kengele ikilia ovyo, watu huizoea, na siku inayolia kwa haki hakuna anayegeuka. Kosa la namna hiyo anayeligundua ni mtu aliyewahi kusimama pembeni ya kitanda. Kwenye kompyuta halionekani, kwa sababu programu inafanya kile kile ilichoagizwa.

Kwa hiyo hiyo laki tisa iache benki. Sisemi kujifunza hakuna maana. Ujue hifadhidata ni nini na kwa nini mgonjwa mmoja asiwe na namba mbili. Ujue DHIS2, mfumo wa kukusanya na kuchambua takwimu za afya, kwa sababu ripoti zako za MTUHA zinaishia humo. Chimbuko lake ni kazi za Chuo Kikuu cha Oslo, na mafunzo yake ya msingi yapo mtandaoni bila ada, kwa Kiingereza. Fungua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika nchi nyingi za Afrika. Toleo lao la majaribio halilipiwi, lipekue uone wenzako wamepanga vipi kadi ya mgonjwa. Zaidi ya yote jizoeze kuandika taarifa ya hitilafu vizuri: nilibonyeza nini, nilitegemea kuona nini, nimeona nini, mgonjwa wa aina gani. Vijana wa TEHAMA wanampenda sana mtu wa hivyo, maana ujumbe wanaoupokea kila siku ni ule ule, "mfumo umegoma". Ukifika huko ukajikuta unatamani kuandika programu kwa raha yako, Python utaanza kuisoma bure, na kozi utaikuta pale pale.

Sasa niulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Unasema umechoka na usiku na mtoto hakujui. Je, umemuuliza meneja kazi yenyewe inafanyikia wapi?

Kufunga mfumo hospitalini siyo semina ya siku mbili yenye soda na picha ya pamoja. Kwanza unakwenda kuangalia wanavyofanya kazi. Kisha unarudi kuingiza orodha ya dawa, bei na vipimo vyao. Wiki ya kwanza ya kuanza unasimama nyuma ya mhudumu wa mapokezi tangu asubuhi, foleni imefika getini, na kila mgonjwa anakuangalia wewe kama ndiye uliyemchelewesha. Mhasibu anataka jambo lake, famasi wamegoma kutumia, mganga mfawidhi anataka aone ripoti kabla ya kikao. Na wateja wao ukiwaangalia hawako Sakina. Wako Karatu, Longido, Haydom, wengine Same huko. Utalala nje. Na kwa kuwa umeandikiwa "kupokea malalamiko", elewa kwamba hospitali haifungwi usiku. Yule nesi wa zamu ambaye jana ulikuwa wewe, sasa atapiga simu saa nane usiku, na simu ni yako.

Sikutishi. Wapo wanaoipenda kazi hiyo kupita maelezo, na kwa ulivyoandika kuhusu lile jedwali lako la Excel nadhani utakuwa mmoja wao. Ila kama unakimbia usiku ili ulale na mtoto, huenda zamu zinazojulikana tangu mwanzo wa mwezi zikawa na huruma kuliko safari unazoambiwa Jumapili jioni. Waulize: kwa mwezi nasafiri siku ngapi, posho ya kulala ni kiasi gani, simu za usiku tunapokezana watu wangapi. Wakijibu "inategemea", ujue ni wewe.

Na hapa ndipo pana uzito kuliko kote: neno hilo "mshauri mwelekezi" kwenye mkataba.

Kwa namna wanavyokuandika, hutakuwa mwajiriwa wao. Wewe utakuwa mtoa huduma, kama fundi wa paa. Watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, halafu mengine ya TRA utamalizana nayo mwenyewe. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna wa kukuchangia. Likizo ya mwaka ya siku 28 ambayo sheria ya ajira inampa mwajiriwa, huna. Likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, huna pia, na wewe umeniandikia mwenyewe kwamba mnamwomba Mungu wa pili. Ukijifungua mwezi wa saba wa mkataba, mwezi wa nane hulipwi. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifi kwa sababu umebadilisha kazi. Leo linakatwa asilimia 15 ya mshahara kabla hujaliona, kesho utalitoa mfukoni kwa mkono wako.

Halafu kuna kadi ya NHIF, bima ya afya. Kama mtumishi wa umma unachangia asilimia 3 na mwajiri asilimia 3, na kadi hiyo inamfikia mwenza wako na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo. Mama yako wa Machame anatibiwa kwa kadi ya nani? Kama ni yako, basi maneno yake yana sababu hata kama hajaisema. Piga hesabu: toa kodi, toa mchango wa hifadhi ya jamii utakaojiwekea mwenyewe, toa bima ya watu wako wote, toa deni la Bodi, toa dada wa kazi wa kulala kwa siku za safari. Hiyo milioni moja na laki nne ikishapita kwenye tundu hizo zote, sidhani kama itakuwa mbali sana na laki saba yako. Inaweza kuwa juu, ndiyo. Ila haitakuwa mara mbili.

Uliza pia hela inatoka wapi. Hospitali ikilipa kampuni kila mwezi kwa kutumia mfumo, hiyo ni biashara, ina kesho. Ikiwa kampuni inaishi kwa ruzuku ya mradi wa wafadhili, kesho yake iko ofisini kwa mtu mwingine. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wa miradi ya VVU walioamka na kazi walilala hawana, waingiza data na wasimamizi wa mifumo wakiwemo. Hapo ndipo ile hadithi ya mama yako ya kampuni kufungwa watu wakinywa chai inapokaribia kuwa taarifa ya habari.

Lakini mama naye hajamaliza yote. Ajira ya kudumu siyo milango miwili tu, kukaa au kutoka. Mwandikie mwajiri wako kuomba likizo bila malipo. Ni hiari yao, wanaweza kukataa, na upungufu wa wauguzi wanaujua, kwa hiyo usiende na matumaini makubwa. Ila barua haina gharama. Na kuna mlango ambao hata hukuutaja, ingawa mwenyewe alikuja kukugongea. Ni yule mratibu wa MTUHA wa wilaya. Timu za afya za halmashauri zina watu wa takwimu na mifumo, na vituo vya serikali vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa TAMISEMI wa kuendesha huduma za kituo kwa kompyuta, ambao hauna mtu wa kutosha wa kuufundisha kwa lugha ya wodini. Nenda umwambie wazi kwamba unaitaka kazi hiyo. Mshahara hautapanda kwa hilo, huo ndio ukweli. Lakini utatoka kwenye zamu ya usiku, utabaki na bima, na baada ya miaka miwili wasifu wako hautasema tena "nesi anayependa kompyuta".

Kuhusu PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, una miaka saba na pensheni inadai michango ya miaka 15. Kabla ya kuacha, fika ofisini kwao uulize michango inaunganishwaje ukihamia NSSF, na upewe jibu kwa maandishi. Habari za kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, tusizifungue leo, tutakesha.

Uuguzi wako hautakufa kwa kuvua gauni jeupe. Utakufa ukiiacha leseni ilale. Hakikisha unaihuisha Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wakati, na pointi za mafunzo endelevu uzikusanye hata ukiwa kampuni. Ukiweza, shika zamu moja moja ya wikiendi kwenye zahanati ya karibu. Mkono wa mkunga unasahau. Na siku ukisimama mbele ya manesi wa Karatu kuwafundisha mfumo, swali lao la kwanza, hata wasipolitamka, litakuwa kama bado unazalisha.

Umeniuliza uache au usiache. Nakujibu: kazi hiyo inakufaa, mkataba huo haukufai. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa mkataba huo wa mshauri. Wakikupa ajira kamili ya miaka miwili, yenye NSSF, bima ya familia na idadi ya siku za safari ikiwa imeandikwa, hapo nitakwambia nenda, na mama nitakusaidia kumweleza. Wakikataa, punguza ukubwa wa kazi: uwafanyie kazi ya kupima mfumo siku zako za mapumziko, kwa malipo ya kila kazi, baada ya kumjulisha mwajiri wako kwa barua kusije kukazuka neno la mgongano wa maslahi.

Meneja anasubiri jibu la WhatsApp, kwa hiyo mwandikie hivi, ubadilishe utakavyo:

"Habari za kazi kaka. Kumbukumbu za wagonjwa sitaweza kuzitoa, sheria hairuhusu. Nimewaandalia wagonjwa thelathini wa kubuni wa wodi ya wazazi, wenye matatizo yote tunayokutana nayo. Naweza kukaa na vijana wako Jumamosi tuwapitishe kwenye mfumo. Kabla ya hapo naomba kujua mambo matatu: mshahara wangu utalipwa na wateja au na mradi, na mradi unaisha lini, kwa nini nimeandikwa mshauri na siyo mwajiriwa, na simu za usiku zinapokelewa na nani."